Wingu la Kumi na Nane

Wingu la kumi na nane halikuwa lake. Alilijua hilo papo hapo, kama mwenye nyumba anavyojua kijiko cha mtu mwingine kilichoingia kwenye kabati lake. Jana yake jioni, kabla ya kuzima kompyuta, aliyahesabu mawingu yakawa kumi na saba. Asubuhi hii yalikuwa kumi na manane, na hakuna aliyeigusa kompyuta usiku kucha.

Majirani walimwita Fundi. Wengine waliongeza Fundi Mawingu kwa utani, maana hawakuelewa mtu mzima anakaaje ndani kutwa nzima akitengeneza mawingu. Lakini ndiyo kazi iliyokuwa inamlisha. Kuna watu, na si wachache, ambao wakirudi kutoka kazini huketi mbele ya skrini, hushika usukani wa plastiki na kurusha ndege ambayo haitoki sebuleni. Zamani mawingu ya programu hizo yalikuwa picha tu, pamba iliyobandikwa ukutani. Siku hizi wateja hawadanganyiki. Wanataka wingu lenye tumbo: ukiliingia giza likushike, matone yapige kioo, ndege itetemeke, na ukitoka upande wa pili jua likuchome macho. Fundi alikuwa anawapa hayo yote, na hakuna aliyewahi kudai kurudishiwa fedha zake.

Mawingu yake hayakuchorwa kwa mkono. Yalizaliwa na namba. Unaipa programu namba za upepo, unyevu na kiasi cha wingu, nayo inakupa anga. Ukiipa namba zilezile inakupa mawingu yaleyale, leo, kesho na mwakani, bila kuzidi hata kipande. Ndiyo maana alihesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa kidole juu ya skrini kama mtoto wa chekechea. Kumi na manane. La kumi na nane lilikuwa limesimama juu ya kilima. Upepo wa anga yake ulikuwa unavuma kutoka kushoto, na mawingu mengine yote yalikuwa yanasogea kwenda kulia, taratibu, kama alivyoyaamuru. Lile halikusogea.

Lilikuwa na umbo gani, sitasema. Msomaji anisamehe, akifika mwisho ataelewa kwa nini nimebana hapo, na pengine atanishukuru. Hata saa yenyewe sitaitaja. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, watu wameshakunywa chai. Tuiite saa ile.

Anga aliyokuwa anaitengeneza ilikuwa anga ya kweli ya zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Wateja walikuwa wameomba anga za zamani, naye akapata daftari za kituo cha hali ya hewa kilichokuwa juu ya kilima hichohicho, kituo ambacho sasa kimebaki magofu. Mwaka mzima, kila saa ya mchana, mpimaji wa kituo alitoka nje, akainua uso, akaigawa anga katika sehemu nane kwa macho yake, kisha akaandika sehemu ngapi zimefunikwa na wingu. Sufuri ni kweupe kabisa. Nane ni anga yote imeziba. Ipo pia tisa, nayo huandikwa kwa nadra sana, pale ambapo anga yenyewe haionekani na mpimaji hawezi kusema kuna nini juu yake.

Mistari ilikuwa elfu nne na ushei. Fundi aliinakili yote kwa wiki sita, macho yakamvimba. Na kati ya mistari yote hiyo, mmoja ulikuwa mtupu. Haukuchanika, haukumwagikiwa wino. Tarehe ipo, saa ipo, mwandiko ni uleule uliotulia, halafu hakuna kitu. Sasa programu haivumilii mstari mtupu. Ikiukuta, anga inakuwa nyeusi na kila kitu kinasimama. Fundi akafanya anachofanya kila mtu wa kazi yake. Akatazama mstari wa juu, akakuta tatu. Akatazama wa chini, akakuta tano. Akaandika nne. Haikumchukua muda wa kupiga chafya. Tena alikuwa na kiprogramu kidogo alichokiandika mwenyewe miaka ya nyuma, cha kujaza mapengo ya namna hiyo, na akakiwasha ili pengo jingine lolote lililomponyoka lijazwe lenyewe.

Asubuhi ya wingu la kumi na nane aliufungua mstari ule. Pale alipoandika nne palikuwa na tisa. Akarekebisha, akahifadhi, akafunga. Akafungua tena. Tisa.

Huenda angelichukulia kama tatizo la mashine na kuendelea na maisha yake, kama si mumewe. Mumewe alikuwa rubani wa kweli, wa ndege ndogo za mizigo, na mtaani wote walimwita Kapteni, hata muuza magazeti. Alikuwa amekaa nyumbani miezi minane kwa maradhi ya sikio. Kwa rubani sikio si jambo dogo. Ukiwa ndani ya wingu huoni chini wala juu, na sikio ndilo linalokuambia unapinda au umenyooka. Tena hata likiwa zima linakudanganya humo. Rubani hufundishwa kulinyamazisha sikio na kuamini vipimo vilivyo mbele yake. Kapteni alikuwa amesahau kulinyamazisha la kwake, maana miezi minane lilikuwa linampigia kelele. Sasa daktari alikuwa amemruhusu. Safari yake ya kwanza ilipangwa Alhamisi, masanduku ya dawa, njia inayopita karibu na kilima kilekile. Wakubwa wake walishamweleza bila kuficha: asipokwenda safari hii, watatafuta mwingine.

Kwa hiyo kila asubuhi, mkewe akienda jikoni au sokoni, Kapteni aliketi kwenye kiti chake na kujizoeza njia ile katika anga ile, na kwa sababu ndege yake Alhamisi ingepita kilimani saa ile, ndiyo saa aliyoichagua. Fundi ndiye aliyempendekezea. Alitaka kumsaidia mumewe, na alijivunia kwamba anga yake ndiyo itakayomrudisha kazini.

Wa kwanza kusema neno alikuwa mama mkwe. Mama yake Kapteni aliishi nao, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na pua isiyodanganyika. Nguo alizoanika asubuhi, na jua kali vile, zilikuwa zinalowa upya kila ikifika saa ile. Hazikutota, zilikuwa na ubaridi tu, kana kwamba mtu amezipumulia. Aliziuliza nguo, akamwuliza jirani wa juu kama anamwagilia maua, mwisho akamwendea mkwewe.

"Mwanangu, humu ndani kumenyesha," akasema.

Fundi akacheka. Mama mkwe hakucheka. Akamshika mkono, akampeleka kwenye chumba cha kazi na kumwambia anuse. Palikuwa na harufu ya udongo uliopata mvua baada ya ukame mrefu, harufu ambayo kwa kawaida mtu huifurahia, ila hii ilikuwa imekaa kwenye kona moja, nyuma ya skrini, na ukisogea hatua mbili ilikatika kabisa. Kioo cha dirisha kilikuwa na ukungu kwa ndani.

"Kuna jini hapa," mama mkwe akanong'ona, "na hajaja kwa miguu. Mmemkaribisha."

Siku ya tatu Fundi alirudi sokoni mapema. Hakusikia usukani ukigonga wala muungurumo wa injini kwenye spika. Alisikia sauti ya mumewe tu, ya chini, ya upole, sauti ile ya kazini ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi minane. Alikuwa amevaa hedifoni na kusema, "Nakusikia. Endelea. Taja kimo chako."

Akamgusa bega, na bega likaruka. Akamwuliza anaongea na nani.

"Kuna mwenzetu amepotea," akasema, macho hayatoki kwenye skrini. "Anaomba mwelekeo ili atue."

"Hakuna mtu humo. Hata intaneti niliichomoa tangu juzi."

"Najua," akasema Kapteni.

Baadaye mezani alimweleza, akiwa ametazama sahani. Sauti ilianza siku ya kwanza alipoliingia wingu lile. Ni mwanamume, anaita kwa utaratibu wote, kama walivyofundishwa zamani, kwa maneno ambayo marubani wa sasa hawayatumii tena. Haombi kingine. Anasema haoni chini, anataka kuambiwa ageukie wapi. Fundi akamwambia asimjibu. Hapo Kapteni akainua uso, na alikuwa na huzuni ya kweli.

"Rubani akiitwa na mwenzake hanyamazi," akasema. "Nikinyamaza, mimi ni nani?"

Kapteni alipokwenda kuoga, Fundi akaketi kwenye kile kiti, akavaa hedifoni, akashika usukani. Alikuwa ameyapita mawingu yake maelfu ya mara na hakuna lililowahi kumshtua, lakini alipolielekea lile moyo ulianza kwenda mbio kabla hajalifikia, na alipoliingia, skrini ikawa na weupe ambao si weupe wa rangi yoyote aliyowahi kuitia kwenye namba zake, na sauti ya injini ikazibika kama mtu aliyewekewa mto usoni, na miguu yake, miguu yake ya kweli iliyokuwa juu ya zulia la nyumbani kwake, ikahisi sakafu inainama kushoto, ikainama zaidi, mpaka akashika ukingo wa meza asianguke huku macho yake yakiona kikombe cha chai kando ya kibodi kimetulia tuli, chai haijainama hata kidogo, na ndani ya ule ukimya mtu akavuta pumzi karibu kabisa na sikio lake, akavuta kama mtu anayetaka kuanza kusema, na harufu ya udongo ikamjaa mpaka kooni. Akang'oa hedifoni, akazima swichi ya ukutani.

Alimpata mpimaji kwa kuuliza huku na huku. Jina lake lilikuwa chini ya kila ukurasa wa daftari za kituo, na ofisi ya wastaafu ilikuwa na anwani. Jumatano mchana Fundi akapanda ghorofa tatu na kugonga mlango. Akafunguliwa na mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amechomeka penseli kwenye nywele, na hakufurahi kupata mgeni. Alikuwa anatoka kibarazani kutazama anga. Bado alikuwa anaiandika mara tatu kwa siku katika daftari la shule, hakuna aliyemwomba. Fundi alisalimia, akajieleza, na alipotaja mstari mtupu yule mama akamkatiza.

"Uliandika ngapi?"

"Nne."

"Halafu ikawa tisa."

Fundi hakuwa amemwambia hilo. Mpimaji akarudi ndani, akaketi, akamwonyesha kiti. Alisimulia kwa kifupi, kama mtu anayesoma ripoti. Asubuhi ile, saa ile, alisikia kwenye redio ya kituo ndege ndogo ikiomba mwelekeo. Akatoka kutazama anga, maana ndiyo kazi. Akaliona wingu, nalo likajua limeonwa. Akarudi ndani na kushika kalamu, mkono ukakataa. Alikuwa na miaka minne kazini na hajawahi kuacha mstari.

"Kitu cha namna ile ukikiandika umekipa kiti," akasema. "Nikaweka kalamu chini. Miaka yote hii kilikuwa hakina pa kukaa. Wewe umekipatia."

Fundi akauliza ndege ile ilianguka wapi. Haikuanguka, mpimaji akajibu. Ilitua vizuri. Rubani akashuka, akasalimia watu, akaenda nyumbani kwa mkewe. Lakini kwa siku arobaini, kila ikifika saa ile, mpimaji aliisikia sauti ya rubani yule kwenye redio ikiomba mwelekeo, huku mwenyewe yuko mtaani ananunua mkate. Mkewe alipanda kilimani kumwuliza aliyeshuka kwenye ndege ni nani. Kwa kuuacha mstari mtupu alifunga mlango, mpimaji akasema, bila kujua nani amebaki ndani na nani ametoka.

Kisha akampa maagizo. Aufute mstari ule, auache mtupu kama alivyoukuta. Aufute kabla mumewe hajafika kilimani, maana akifuta mapema hakuna atakayebaki ndani. Asimwambie mumewe, kwa kuwa marubani wakiambiwa kuna kitu hukitafuta. Na asiamini kitakachosema, kwa sauti yoyote ile.

"Nikichelewa?"

"Usichelewe."

Mlangoni akatoa ukutani kipimahewa chake, cha shaba, cha mviringo kama saa, kinachoonyesha uzito wa hewa: sindano ikiwa juu ni kweupe, ikishuka ni mvua, ikishuka zaidi ni dhoruba. Akakifunga kwenye kitambaa na kumpa. Hiki hakina masikio, akasema, kwa hiyo hakidanganyiki. Mumeo akirudi, kitazame kabla hujamtazama usoni. Ila sindano imezeeka, hukwama. Gonga kioo kwa ukucha kwanza, halafu ndipo usome.

Jioni ile Fundi alikitundika sebuleni, karibu na mlango. Akawasha kompyuta, akafungua anga ya saa ile, akaenda kugonga kioo. Sindano ikashuka mpaka dhoruba, na nje nyota zilikuwa zinaanza kuonekana, hakuna wingu. Akarudi, akaufuta mstari. Akagonga tena. Sindano ikapanda ikatulia juu, kweupe. Harufu ikaisha chumbani kama taa iliyozimwa. Akazima kompyuta na kukaa chini sakafuni, akalia kidogo kwa raha, na mama mkwe alipomwuliza kulikoni akamwambia nguo zake hazitalowa tena.

Alhamisi Kapteni aliondoka mapema akiwa na sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Hakuficha furaha yake. Alikuwa anatembea kama mwanafunzi siku ya kwanza ya shule. Akamwambia, "Fundi wangu, leo nakwenda kuona kama mawingu ya Mungu yamefikia yako." Akamwinamia, akamnong'oneza asimwandalie chakula kingi, akambusu paji la uso, akaenda. Fundi akagonga kioo cha kipimahewa. Kweupe. Akashusha pumzi.

Angeishia hapo. Angeosha vyombo, angekaa kibarazani na mama mkwe wake, na hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha. Zikiwa zimebaki dakika ishirini kufika saa ile, akaiwasha kompyuta ili auone tu ule mstari kwamba ni mtupu, roho itulie.

Haukuwa mtupu. Ulikuwa na tisa.

Akaufuta. Akafungua tena kuhakikisha. Tisa. Akafuta kwa mara ya pili, akafungua, na mara hii akaiona: kabla ya tisa ilitokea nne, sekunde moja, ndipo ikageuka. Nne ilikuwa ya kwake. Kile kiprogramu chake kidogo, alichokiandika mwenyewe na kukisahau, kilikuwa kinaamka kila kompyuta inapowashwa na kila anga inapofunguliwa, kinatafuta mapengo, kinajaza. Jana jioni hakikuamka kwa sababu baada ya kufuta alizima bila kuifungua anga tena. Leo amekiamsha kwa mkono wake.

Akaanza kukitafuta. Miaka mingi ilikuwa imepita, na hakukumbuka alikipa jina gani wala alikiweka wapi. Alifungua faili moja baada ya nyingine, akafungua zisizohusika, akarudi zilezile, jasho linamtoka na chumba kinazidi kuwa baridi, na ile harufu ikarudi, safari hii haikukaa kwenye kona bali ilipita nyuma ya kiti chake kama mtu anayezunguka akitafuta pa kuketi, na kioo cha dirisha kikaziba kwa ukungu mpaka mwanga wa jua ukawa mweupe usio na upande, na kutoka uani akamsikia mama mkwe akiita kwamba nguo, nguo, halafu naye akanyamaza, na alipokiona kile kiprogramu hatimaye na kukiondoa na kuinua macho kwenye saa ya ukutani, saa ile ilikuwa imeshaingia na kupita dakika tatu.

Ndege ndogo huchelewa, alijiambia. Kapteni hakuwahi kuchelewa safari hata siku moja, na hilo hakuna aliyelijua kuliko yeye.

Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Spika zikakoroma.

"Fundi wangu," ikasema sauti ya mumewe, tulivu, ya kazini. "Usifute. Niko ndani."

Spika hazikuwa zimeunganishwa na kitu chochote. Akakumbuka alivyoambiwa na mpimaji, akakumbuka na mumewe alivyomfundisha mara elfu akiwa anajizoeza, kwamba ndani ya wingu sikio ni adui. Hii ni sauti tu. Ni jini, linajua jina analomwita kwa sababu limekaa humu siku nne likiwasikiliza. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

"Naona weupe tu," ikasema. "Nipe mwelekeo, mke wangu. Nigeukie wapi?"

Akafunga macho, akafuta.

Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kuliko chumba. Mstari ulibaki mtupu. Alifunga na kufungua mara tano, ukabaki mtupu. Ukungu ukaondoka dirishani. Kisha akashika simu na kuanza kumpigia mumewe, na simu haikupatikana, na hakuacha kupiga. Adhuhuri akapiga ofisi ya uwanja wa ndege, wakamjibu: ametua kwa wakati, salama kabisa, anapakua mzigo, atarudi na safari ya mchana. Fundi alimkumbatia mama mkwe wake jikoni mpaka sufuria ikaungua.

Kapteni alirudi jua likiwa linaelekea kuzama. Fundi alisikia hatua zake ngazini, akasimama sebuleni, na kama alivyoagizwa hakumtazama. Alitazama kipimahewa. Sindano ilikuwa juu, kweupe, palepale ilipokuwa asubuhi. Ndipo akageuka, akamwona mumewe mlangoni, kofia mkononi, akamrukia kifuani na kulia mbele ya mama mkwe bila haya. Mama yake naye akamshika mashavu, akamwambia mbona una baridi hivi. Kapteni akatabasamu, akasema huko juu kuna baridi, Mama. Wakacheka wote. Walipoketi kula, mama mkwe alisogeza kiti chake upande wa pili wa meza, akasema feni inampiga.

Alikula vizuri. Alimaliza sahani, akaongezwa, akamaliza. Baada ya chakula akatoa daftari lake la urubani, kama alivyofanya kila safari kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na mazoea ya kuandika kwa vipande, mstari kwa kila kipande: kuruka, njiani, kilimani, kutua. Hakuwahi kuacha kipande. Fundi alipita nyuma yake kuondoa vikombe, akatupa jicho kwenye ukurasa. Kuruka, ameandika. Njiani, ameandika. Kutua, ameandika. Kati ya njiani na kutua aliweka saa tu, saa ile, halafu mstari umebaki mtupu.

Hakuwa amemwambia kuhusu mstari. Hakuna aliyemwambia.

"Huo mbona umeuacha?" akauliza, na kuuwekea kidole.

Kapteni akautazama mstari kwa muda, bila wasiwasi, kama mtu anayetazama njia asiyoijua.

"Saa hiyo sikuwepo," akasema.

Fundi akaviweka vikombe mezani, kimoja kimoja, visigongane. Akavuka sebule. Alikuwa anakumbuka sasa. Alipoingia mumewe alikitazama kipimahewa, ndiyo, alikitazama kwanza kama alivyoambiwa. Lakini hakukigonga. Tangu asubuhi hakuna aliyekigonga. Akainua ukucha, akagusa kioo mara mbili.

Sindano ikatikisika, ikaachia. Ikashuka ikapita mvua, ikapita dhoruba, ikaenda mpaka chini kabisa kwenye kipini cha shaba inapokomea, ikasimama. Masikioni mwake ikawa inarudi ile sauti tulivu, nigeukie wapi, na safari hii aliitambua, kila pumzi yake, kama mke anavyomtambua mumewe gizani. Kiti kikasogezwa nyuma yake. Hatua zikaja zikasimama karibu, na shingoni akapata ubaridi kidogo, kama wa nguo zile za mama mkwe.

"Inasemaje?" akauliza aliyekuwa nyuma yake.

"Kweupe," akasema Fundi, bila kugeuka. "Haijasogea."